Lengo la Greta la Somo la Dini

Jumapili, 2 Februari

Hujambo, Bernadina? Magoti yanasemaje? Huku kwako wote wazima, namshukuru Mungu, ila baridi hii ya Wisconsin itatumaliza. Najisalimu mwenyewe, kwani nani mwingine atasoma humu?

Leo baada ya misa binti yangu Greta kanionyesha malengo yake ya robo hii ya mwaka wa shule. Darasa la nane lote wameandika, lengo moja kwa kila somo. Hisabati: kueleza njia niliyopita, si jibu tu. Sayansi: jaribio likishindikana nisilifiche. Lugha: kuandika ukurasa mzima bila neno “sana”. Muziki: kushika sauti ya pili bila kuvutwa na ya kwanza.

Nikacheka. Enzi zetu, shule hiyohiyo, dirisha lilelile linalovuja upepo, malengo aliyaweka Sista Euphrasia. Yalikuwa matatu: kaa wima, nyamaza, jua katekisimu kwa moyo. Basi! Na bado namkumbuka kwa mapenzi yule mama, na harufu yake ya chaki na peremende.

Kwenye Dini hajaandika kitu. “Bado nafikiria, Mama.” Sawa. Mwaka wake wa kipaimara huu, atasimama mbele ya askofu kuitikia imani yake, kuna mengi ya kuchagua.

Jumatatu, 3 Februari

Sikukuu ya Mtakatifu Blasi, mwombezi wa wenye maradhi ya koo. Padri Ambrose katubariki koo, mishumaa miwili chini ya kidevu, kama kila mwaka. Greta alikuwa mbele yangu kwenye mstari, kafunga macho. Anafanana na mama yangu akifunga macho.

Jioni nimeanza kushona stola yake ya kipaimara, ule mtandio mwembamba wa mabegani. Kitambaa chekundu, herufi za uzi wa dhahabu. Kila mtoto huvaa stola yenye jina la mtakatifu wake. Nimeshona APOLONIA. Jina alilochukua mama yangu kwenye kipaimara chake, nami nikalichukua kwenye changu. Sikukuu yake ni Jumapili hii — nitampa siku hiyohiyo. Atafurahi!

Jumapili, 9 Februari

Hakufurahi.

Kaifungua mezani, kazipapasa herufi. Baba yake, Leon, akajaribu kuchekesha: “Mtakatifu wa meno huyo! Atakusaidia na hizo waya zako za meno.” Greta hakucheka.

“Nzuri, Mama. Lakini ungeniuliza.”

“Nikuulize nini? Bibi alikuwa Apolonia, mimi Apolonia—”

“Ndiyo. Ungeniuliza tu.”

Akaikunja vizuri, akanirudishia. Akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Kweli bwana, watoto huchagua wenyewe siku hizi, barua ya shule ilisema. Niliisoma. Nikaona kwetu haituhusu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi shuleni, mashavu bado yanawaka.

Siku ya wazazi siku hizi mwalimu hasemi. Mtoto ndiye anayeeleza, mzazi anasikiliza. Mwalimu Fenske kakaa pembeni na kikombe chake. Meza zilipangwa ukumbini, familia karibu na familia. Leon alikuwa barabarani na gari la kusafisha theluji, nikaenda peke yangu.

Greta alianza vizuri, tena nilijivuna! Kanionyesha hesabu, hatua kwa hatua, na pale alipokosea kapazungushia duara badala ya kufuta. Maharagwe ya sayansi yalioza — kaandika yalivyooza, na picha! “Hili ndilo nililojifunza zaidi,” anasema. Nikawaza, Sista Euphrasia angekunja uso, halafu angetoa peremende.

Kisha Dini. Alikuwa kaandika hatimaye. Nasoma: “Nisiitikie ndiyo kabla sijaimaanisha.”

“Maana yake nini?”

“Sitapata kipaimara mwaka huu, Mama. Nataka kungoja.”

Nikasikia kiti cha Lorraine Piontek, mwenzangu wa parokiani, kikisogea nyuma yangu. Sikio lile!

“Umeacha dini?” Nilisema kwa sauti. Mungu anisamehe.

“Sijaacha. Nasali kila siku. Nimesema bado, sijasema hapana.” Hakushusha macho.

Chini ya kila karatasi pana nafasi ya mzazi kutia sahihi: nimeyasikia malengo ya mwanangu na nitamsaidia kuyafikia. Nimeweka sahihi kwenye mengine yote. La Dini nimelibeba nyumbani bila sahihi. Linatakiwa Jumanne. Siku hiyohiyo majina ya watoto wa kipaimara yanapelekwa kwa askofu.

Ijumaa, 14 Machi

Kwaresima, Ijumaa hatuli nyama, basi ni samaki wa kukaanga ukumbi wa parokia. Mimi kwenye mafuta, Lorraine kwenye kabichi. Hakuchelewa.

“Eti Greta amegoma?”

“Chunga kabichi yako, Lorraine.”

“Aa, nauliza tu! Wangu angethubutu hivyo, angelala nje na mbwa.”

“Wako alipata kipaimara, na tangu siku ile tumemwona kanisani lini?”

Akageuza kabichi yake. Nikajuta. Halafu akacheka, akanipiga kwa taulo. “Krismasi moja,” anasema, “na alikuja kwa ajili ya soseji.” Tukacheka wote hadi machozi. Yake hayakuwa ya kicheko tu, niliyaona.

Padri Ambrose alipokuja kuongeza samaki nikamvuta kando. Nikamwambia amseme yule mtoto, maana Greta humsikiliza yeye. Akatafuna kwanza. “Nimeshaongea naye, Bernadina. Roho Mtakatifu si treni, kwamba ukiikosa ya saa mbili umelala stesheni. Mwaka kesho nipo. Lakini karatasi si yangu. Amekuletea wewe.”

Nilitaka amkemee. Nani atanisaidia sasa?

Jumapili, 16 Machi

Misa. Greta kaimba sauti ya pili. Sisi wengine wote tulikuwa kwenye ya kwanza, na yeye peke yake, chini kidogo, hakuyumba.

Nimeiwaza siku yangu. Joho jekundu refu, nikikanyaga upindo. Baba na kamera ya kuazima. Mama kanishika bega, kiganja chake chenye joto hadi kwenye mfupa. Tulikuwa safu nzima, tukaitikia kwa pamoja kama tulivyofundishwa. Keki ilikuwa ya limau. Ningetoa nini kuirudia siku ile!

Mkono ule wa Mama ndio niliotaka kuuweka mimi begani mwa Greta mwaka huu. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kweli. Nimeiandika.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeweka karatasi mezani baada ya chakula. Greta anafanya hisabati upande wa pili. Nikamwambia, niambie ukweli, unangoja nini hasa?

Akaweka kalamu chini. “Sijui bado. Ndiyo maana nangoja.” Kisha, bila ubishi wowote, kama anayeuliza njia: “Mama, wewe ulipoitikia siku ile, ulimaanisha?”

Nikasema subiri kidogo niandike jambo. Anasubiri. Ananitazama ninavyoandika. Chai yake inapoa.

Bernadina, wewe ulikuwepo. Nakuomba unijibu upesi.