Tairi za Vern

Duluth, Machi 9

Loretta mdogo wangu,

Sisi wazima, theluji bado imetung'ang'ania.

Unakumbuka ulivyonicheka niliponunulia gari la Vern tairi za bei nafuu, zenye chapa ya duka lenyewe? "Rahisi ni ghali, dada," ukasema. Mwaka haujaisha, zimelika. Nilichomeka senti kwenye mifereji yake, kichwa cha Lincoln kikabaki nje chote, ishara kwamba zimekwisha. Shemeji yako Vern akasema, "Si nilikwambia? Tupa takataka hizo, usijisumbue kurudi dukani."

Nikajisumbua. Nilitaka dhamana yangu, maana duka liliahidi zitadumu maili elfu thelathini. Fundi akasoma maili kwenye dashibodi. "Mama, tairi hazina kosa. Zimetembea elfu thelathini na moja."

Kazini kwa Vern ni maili sita. Alhamisi huenda kuvua ziwani, ingawa sijaona hata mkia wa samaki. Nikakaa na penseli. Ukitoa safari za kazini na za sokoni, zinabaki kama maili mia tano kila Alhamisi.

Kutoka kwangu mpaka kwako Fargo ni mia mbili na hamsini.

Nimemfungia nyingine zilezile za duka. Ni imara. Zitamfikisha kwako salama, na safari hii asihangaike kurudi.

Dada yako,
Darlene