Pikipiki ya Kaka Yako Imewaka

Nyumba ya nyuma ya ghala la mbao,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa wifi,

Hujambo huko uliko? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limekwisha kung'olewa. Shemeji naye, mgongo umempa nafuu? Sisi hatujambo. Mama yako anakula vizuri na masikio yake yanatushinda sote, ila macho ndiyo yanazidi kumtupa mkono. Mtu akisimama mlangoni anaona kivuli tu, mpaka kivuli kitoe salamu ndipo amjue mwenyewe.

Cherehani bado inatulisha. Msimu huu ni sare za shule, nashona mpaka naota vifungo.

Wifi, nimezirefusha salamu kwa sababu naogopa kufika kwenye habari yenyewe. Nimeigusa pikipiki ya kaka yako.

Unajua tangu tumzike ilikuwa imefunikwa turubai kwenye kibanda cha uani. Hakuna aliyesema isiguswe, lakini hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nabeba mabunda ya sare kichwani mpaka kituo cha basi, na mvua ikinyesha nayavisha mifuko ya nailoni kama watoto wachanga. Siku moja bunda likaniponyoka, likaingia topeni, nikarudi nyumbani kufua nguo ambazo hata hazijavaliwa na mtu. Siku hiyo ndiyo nilikwenda kibandani nikavuta turubai.

Kuendesha alinifundisha kaka yako mwenyewe, unakumbuka. Kutengeneza ndiko alikokuwa akinifukuza. Alisema mkono wangu ni wa sindano, nitapaka oili nguo za watu. Fundi wetu wa pale kona, yule tunayemwita Taratibu, alikuwa amesafiri kwenda kuuguza, nami sikutaka fundi mgeni aifungue. Nikampigia simu. Jina na mtu wake: salio liliniishia tukiwa bado kwenye salamu. Nilipompata tena akanielekeza. Mwaga petroli ya zamani, imekwisha kuharibika. Toa plagi uisugue. Safisha kabureta, badili oili, kaza cheni. Na kila unachokitoa, kipange chini kwa zamu yake.

Hapo nikaona kazi hii naijua. Nilitandika kitambaa, nikaandika namba kwa chaki ya kushonea kando ya kila kipande, kama ninavyofanya na gauni lililokatwa. Plagi ilikuwa nyeusi tititi, nikaisugua kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Skrubu moja niliikata kichwa kwa kuikaza kupita kiasi. Nilidhani chuma hakichoki, kumbe nacho kina kiasi chake.

Lakini nati ya gurudumu la nyuma, wifi, ilinishinda, na si kwa ugumu. Nilitia spana, nikakumbuka kwamba aliyeikaza ni yeye, na baada ya mkono wake hakuna mwingine ulioigusa. Nilikaa chini kitambo. Kisha nikaifungua, maana cheni ilikuwa imelegea mpaka inagonga. Nilijiona kama mwizi anayepekua mfuko wa mtu aliyelala.

Mama sikumwambia. Alipouliza ninagonga nini, nilisema napanga kibanda.

Ikafika siku ya kuijaribu. Nikapiga kiki, kimya. Nikapiga tena na tena mpaka mguu ukafa ganzi. Mara ikakohoa, ikakwama, ikakohoa tena, ikanguruma, vilevile kama alivyokuwa akiingia nayo uani akitoka kazini. Wifi, nilicheka. Nilicheka peke yangu kwa sauti, mikono myeusi mpaka viwikoni, na nadhani sikuwa nimecheka tangu tumzike.

Nikiwa bado nacheka, mama akatokea mlango wa nyuma, hana fimbo, hana ndala. Alikuja moja kwa moja kwenye ile sauti, mkono ameutanguliza.

"Umekuja, baba?"

Mkono wake ulinifika shavuni, ukateremka, ukakuta hereni. Ukaishia hapo. Nikazima injini.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nilimwambia ndiyo mama, ni mimi, nisamehe. Alirudi ndani akipapasa ukuta, na jioni chakula hakukigusa. Nikarudisha turubai, nikaapa halifunuliwi tena. Nilimfufulia mtu mwanawe nikamzika tena papo hapo, na kwa ajili ya nini? Sare za shule.

Tukaishi hivyo, hatusemezani ila la lazima. Kisha asubuhi moja, nikiwa kwenye cherehani, akaniuliza mbona pikipiki haisikiki tena, au nimeiharibu. Nikamwambia naogopa kumuumiza. Alichezea pindo la nguo yake, halafu akasema:

"Ukitaka kuiwasha, niambie kwanza. Niwe nimekaa."

Basi nikamwekea kigoda mlangoni. Nikamwambia, mama, naiwasha sasa. Ikagoma. Palepale akaniambia nivute choki, mwanawe asubuhi hakuwahi kuiwasha bila kuivuta. Kumbe miaka yote ile alikuwa anasikiliza. Nikaivuta, ikawaka kwa kikohozi chake kilekile. Alisikiliza huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Akauliza kile kikohozi ni ugonjwa gani. Nikamwambia ni kabureta, kuna kitundu sikukizibua vizuri, lakini nikikizibua sauti haitakuwa tena ile ya mwanawe. Nikasema naweza kuiacha ilivyo.

"Itibu," akasema. "Huyu angalau na apone."

Nilikizibua siku ileile. Sasa inanguruma laini kama cherehani iliyotiwa mafuta. Lakini kila nikiingia nayo uani namwona mama kageuza sikio, anatafuta kitu ambacho nimekiondoa kwa mikono yangu. Halaumu. Ananipokea na maji ya kunywa, ananiuliza njia ilikuwaje. Afadhali angelaumu.

Na lipo jingine, zito zaidi. Nikiwa barabarani, mabunda nimeyafunga nyuma, upepo usoni, wakati mwingine nashtuka nimefika mwisho wa safari sikumkumbuka kaka yako hata mara moja. Nimesahau kuhuzunika. Wewe ni damu yake, sina mwingine wa kumwuliza. Kama ni vibaya, niandikie waziwazi, usinifiche kwa kunihurumia.

Mama anakusalimu sana. Anataka nimpakie twende kwa daktari wa macho. Nimemkatalia mpaka nizijue breki vizuri. Amesema basi nijifunze haraka, yeye hana ujana wa kusubiri.

Msalimie shemeji, wabusu watoto wote, na mdogo mwambie kofia aliyoniomba iko mezani, bado ukingo tu. Taratibu amerudi salama, naye anakusalimu kwa urefu wake wa kawaida, nami nimeufupisha. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko, na siku moja atulaze tena chini ya paa moja.

Wako akupendaye, ambaye hata sasa anajiita mke wa kaka yako,

Wifi