Nukta ya Mbinya

Mtaa wa Jericho,
Nairobi.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Mbinya,

Hujambo huko Eldoret? Kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto hulalamika kila nikipanda ngazi. Masomo nayo yanaendaje? Natumaini unakula chakula, si chai na mkate tu.

Nakuandikia kwa kalamu, na barua hii nitampa Wasike wa basi la Eldoret mkononi, kwa sababu siiamini tena simu ndani ya nyumba hii. Utaona kwa nini.

Nimezitazama tena zile fainali mbili za mchezo wa video wa mapigano ulizoshindwa na Abdijabar, muuza viatu wa Eastleigh. Mhusika unayemchezesha, yule mwanamke mwenye mwanasesere, ni mgumu: unaongoza miili miwili kwa vidole kumi. Hata hivyo, ugumu wake unaumudu. Kinachokuponza ni kwamba unapiga mapigo matatu, unamtuma mwanasesere, kisha unarudi nyuma kupumua. Kila mara. Ndiyo ile niliyoiita nukta nilipokupigia mwezi wa Machi: sentensi imekwisha, mwenzako ana ruhusa ya kusema.

Nilikushauri uweke mkato. Mtume mwanasesere kabla ya pigo la tatu, ili ashambulie wakati wewe unapumua. Mara nyingine licheleweshe pigo hilo kidogo tu. Abdijabar atadhani umemaliza, atanyoosha mkono, na pigo litamkuta mkono ungali nje. Akishaogopa kuunyoosha, atakaa akijikinga. Hapo msogelee, umkamate umtupe, maana kinga haizuii kukamatwa. Mbano mzuri, yaani kumshambulia mtu bila kumpa nafasi, humfanya asijue zamu yake inaanzia wapi.

Sasa nisikilize. Jana nilikwenda Eastleigh, nikafika kwenye ukumbi anakochezea, nikasimama nyuma ya pazia la mlangoni kama mteja aliyepotea njia. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyo Mbinya ni rahisi. Ngoja tu nukta yake, alafu unamshukia."

"Nukta gani tena, buda?"

"Pale anapumua, wewe!"

Masikio yalinisimama. Neno hilo tulilisema watu wawili. Ila siku ile simu yangu ilikuwa na sauti ya juu kwa sababu ya sikio langu, na kaka yako Owen alikuwa hapa sebuleni akila. Na wiki jana Owen aliingia na viatu vipya kutoka duka la Abdijabar. Nilimuuliza habari za viatu hivyo.

"Mjomba, Jericho nzima inanunua viatu kwa Abdi," akanijibu bila kuinua macho. Bila kuinua macho, Mbinya.

Si jambo la kupuuza. Mshindi wa shindano la tarehe 21 ndiye aendaye Kampala, na mama yako amekwisha sema kwamba hii ndiyo ruhusa ya mwisho anayokupa. Kwa hiyo nimetega. Leo asubuhi nimemnong'oneza Owen, kama siri, kwamba umemwacha mwanamke wa mwanasesere na unajifunza lile jitu la mieleka. Abdijabar akianza kufanya mazoezi dhidi ya jitu, nitakuwa nimemjua msaliti.

Jumatano

Niliweka kalamu chini hapo ili nione mtego utanasa nini. Leo nimerudi Eastleigh. Abdijabar alikuwa palepale, akifanya mazoezi dhidi ya mwanamke wako: pigo la tatu, kinga, pigo la tatu, kinga. Jitu halikuonekana. Nilikuwa bado nawaza kwamba labda Owen ameninusa, mara kijana akageuka, akaruka kutoka kitini.

"Mwalimu Mbaluka! Shikamoo! Wasee, huyu ndiye alinifunza insha darasa la saba. 'Nukta ni pale msomaji anapumua!' Alinipaka wino mwekundu mwaka mzima!"

Sentensi hiyo ni yangu, Mbinya. Nimewaambia watoto kwa miaka thelathini na mmoja, darasa baada ya darasa, na huyu sikumtambua kwa sababu ya ndevu. Siku nne nimemshuku mwana wa dada yangu kwa neno nililoligawa mwenyewe.

Nimemwomba Owen msamaha. Alicheka, akasema, "Hata hilo jitu sikuamini, Mjomba. Mbinya amwache yule mama?" Lakini chai yake hakuimaliza.

Kwako wewe mambo yamezidi kuwa magumu. Msaliti tungemlisha uongo. Abdijabar hakuambiwa na mtu. Anaona kama ninavyoona mimi, na mkato nilimfundisha wiki ileile niliyomfundisha nukta. Atausubiri. Kwa hiyo sitakushauri tena mpaka tarehe 21 ipite. Usinipigie kuniuliza, na ukibuni kitu, usinieleze. Nitakuja ukumbini nikae safu ya mbele. Cheza mchezo utakaonishangaza mimi. Nikiuelewa mapema, ujue naye ameuelewa.

Nisalimie Eve, mwenzako wa chumbani. Mama yako Ndunge nitampigia mwenyewe, na Owen anakusalimu. Mungu akulinde njiani ukija, akupe vidole vyepesi na moyo mtulivu.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Mbaluka