Mafundo Uliyoyaacha Kwenye Waya

Baba,

Mwenyezi Mungu akutilie nuru kaburini mwako. Hapa nyumbani wanawake wamejaa mpaka ukumbini, wanampaka Raya hina, na mie nimejifungia chumbani kwako nikisema naumwa na kichwa. Kichwa hakiniumi. Leo alasiri tunampeleka biharusi Gando kwa boti yako, na boti yako, Baba, naiogopa.

Tangu uondoke, boti iko mikononi mwa mdogo wako, Ami Haji. Yeye pia ndiye walii wa mdogo wangu Raya, ndiye atakayemuozesha leo adhuhuri, kwa hivyo humu ndani neno lake ndilo neno. Alipoona watu wanakodi boti kupelekea maharusi, akataka mziki. Si kiredio chako kile cha kusikilizia taarifa ya habari, la! Amplifaya, spika kubwa mbili na besi la kutikisa kifua. Akaniita bandarini Wesha, kwa heshima kabisa, nimchagulie waya. Nilifurahi mpaka nikalia njiani, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita fundi bila ya wewe kuwepo.

Nikamwambia kama ulivyonifunza. Waya mnene, wa nyuzi nyingi, uliopakwa bati, kwa sababu shaba tupu huliwa na chumvi. Fyuzi ikae karibu na betri, si mbali. Akaitikia kila neno, "naam, naam," kesho yake akaja na waya wa nyumba uliombakia alipojenga, ule mwembamba wa taa za ukumbini. Umeme ni umeme, akasema. Khaa! Ungekuwepo ungemrushia bisibisi.

Basi tukafunua benchi la nyuma kupitisha waya huo, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Ami aliona mafundo yako.

Mie nayajua mafundo hayo tangu mdogo. Fundo moja kila mwisho wa waya wa moto, ule unaoleta umeme kutoka kwenye betri, ulifunga kwa mkono na ukapapasa kwa mkono, kwa sababu macho yako hayakutenganisha nyekundu na nyeusi. Uliniambia siku moja tu, tumeinama pamoja chini ya benchi lile lile, ukasema "usimwambie mtu, mwanangu, fundi asiyeona rangi hapewi kazi." Na kwa kuwa rangi kwako hazikuwa na maana, ulitumia waya wowote uliopatikana. Humo ndani mwekundu hauna moto, na moto umo kwenye wa kijani. Anayejua ni fundo tu.

Lakini Ami hakuona alama ya fundi. Aliona mafundo, yamefichwa gizani, chini ya kiti wanachokalia watu. Mtu wa Pemba akiona hivyo anawaza nini, Baba, kama si uchawi? Alirudi nyuma, uso umemsawijika, akasoma Qul audhu birabbil falaq mpaka akafika pale pa wapulizao mafundoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe kaka alikuwa hivi."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake akaleta mtu wa kusoma, yakakatwa yote, yakasomewa, yakatupwa baharini. Na mie nikawekwa mbali, nisiguse kitu. Akatafutwa fundi mwengine, kijana mzuri tu, simlaumu. Akafuata rangi, kama fundi yeyote angefanya. Fyuzi ikakatika. Akageuza hiki na kile mpaka spika zikaita, lakini kila sauti ikipandishwa, fyuzi inakatika tena. Mwisho akaiviringisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, umeme upite tu hata fyuzi ikikatika. Mziki ukakubali na watu wakapiga makofi.

Mie nilisimama nje, nikanusa. Harufu ile ya plastiki inayoanza kulainika unaijua. Na madumu ya petroli yamepangwa hapo hapo, ubavuni mwa waya.

Nimesema, Baba. Nisamehe, siri yako nimeitoa. Nilimfuata Ami nikamweleza habari ya macho yako, neno kwa neno. Alicheka kwa huruma. Akasema mtoto lazima amsitiri baba yake, lakini uongo wa namna hiyo haufai. Kaka yake, fundi wa boti zote za Wesha, asione rangi? Nikamwambia basi tumpeleke Raya kwa gari. Akasema boti imeshapambwa, na nikilitaja tena neno la waya yeye haozeshi. Na habari hii ikiwafikia watu wa bwana harusi, Raya ataingia Gando akiitwa mtoto wa mchawi. Kwa hivyo nimefunga mdomo. Kila anayenipita ananiuliza mbona sina furaha.

Raya hajui kitu. Asubuhi ameniuliza kama mziki utasikika mpaka pwani ya kina mumewe. Nikamwambia utasikika. Amefanana na wewe akicheka, na mie leo siwezi kumtazama.

Hapandi bila ya mie, hilo nakuahidi. Nitakaa benchi la nyuma, juu ya betri, wala sitoki nikiitwa kucheza. Plaizi yako nitaificha ndani ya buibui. Kiganja nitakiweka juu ya waya njia nzima, na ukianza kunichoma, nakata. Mziki utazimika katikati ya bahari, mbele ya wanawake wote, na watamwona aliyeuzima na chuma alichoshika. Najua watakavyosema. Acha waseme.

Wananigongea mlango sasa, Raya ameshaozeshwa na gari la kutupeleka bandarini limefika. Kwaheri, baba yangu. Nikiwahi, Raya atafika kwa mumewe na mie nitarudi Wesha nikiitwa mchawi. Nikichelewa, tutakuja sote kukuhadithia wenyewe.

Mwanao,
Zuwena