Mikono ya Bibi Kwenye Simu

Mama, maharagwe yako jikoni, yaongeze maji. Nimekwenda sokoni kununua uzi wa hariri. Haya yaliyobaki msomee Bibi, usiruke mstari, maana mbele yake siwezi kuyasema.

Bibi, ile video ya kusuka vifungo vya kaftani niliyosema nimejirekodi, ~~kweli ni mimi~~ si mimi. Vifungo vyangu vilifumuka kila mara, nikakurekodi wewe Ijumaa ulipokaa dirishani. Uso wako sikuuonyesha, lakini nilizisahau zile nakshi za buluu zilizochanjwa mkononi mwako. Asubuhi hii shangazi Tuda amepiga simu kutoka Fez: "We mtoto mjanja, hiyo si mikono ya mama yangu?"

Usinigombeze kwanza. Watu elfu kumi na moja wamekutazama mtandaoni, Bibi! Hata sikukuu ya matunda ya cheri hapa mjini kwetu sijawahi kuona umati kama huo. Wanasema sindano yako ikipita wanasahau kupumua. Nami niliyelala ubavuni pako tangu utotoni, sikuwahi kuitazama hivyo.

Biarusi mmoja wa Tetouan anataka vifungo vyote vya kaftani yake vitoke kwenye mikono hiyo, si mingine, kwa bei tutakayoitaja wenyewe. ~~Nimemjibu ndiyo.~~ Nimemjibu nitamuuliza mwenye mikono.

Miaka hamsini mchuuzi anakuja, anajaza kapu vifungo vyako, anaondoka. Hajawahi kukuuliza kama unataka. Mimi nakuuliza. Ukikataa, nitaifuta video leo hii, na nitalia kidogo tu.

Mjukuu wako,
Itto