Miche Aliyoiotesha Baba Yako

Mwanangu Elinipendo,

Shikamoo yako kaka yako Praygod ameifikisha. Marahaba, mama. Huku Kibosho tu wazima, na ng'ombe amepona mguu.

Ila miche ya kahawa imekufa kitaluni, ile aliyoiotesha baba yako ili tumpandie mjukuu. Tangu mimba yako ilipotoka, kila jioni alikuwa anaifungulia maji ya mfereji wetu wa mfongo, hata zamu ikiwa ya wengine. Majirani walimwachia tu. Miche ikaoza shingoni, ikalala chini. Bwana shamba akatuambia huo ni ugonjwa wa kinyausi, na kwamba hata jina lake la Kiingereza limetokana na unyevu.

"Mzee, umeinywesha mno."

Baba yako akajibu, "Sikujua nifanye nini kingine."

Hapo nikazikumbuka simu zangu za asubuhi na jioni, ambazo siku hizi huzipokei. Ndiyo maana nimeandika. Barua utaisoma ukipenda.

Baba yako ameotesha tena. Sasa anashika udongo kwanza, ndipo amwagilie.

Nami sipigi tena, mwanangu. Lakini simu ninayo kwenye kanga, hata nikienda kukata majani.

Mama yako,
Ndelilio