Glavu za Mama Paki

Jumapili, 6 Julai 1958
Leo nimewatoa machozi! Bwana Paki, mmishenari wetu, alihubiri juu ya ufufuo – maneno makavu kama ugali wa jana. Mimi ndiye intapreta, ningefanya nini? Nikayatia chumvi. Yeye akasema wafu watafufuka. Mimi nikasema: huyu Mama Paki, mke wake mnayemwona hapa, alikufa melini akija kwetu. Siku tatu! Akashonewa ndani ya turubai, na walipotaka kumtupa majini akapiga chafya. Kanisa zima la Ruiru – ehh! Mama akatabasamu, akawapungia mkono. Kiswahili hajui, Kikuyu ndiyo hajui kabisa. Wazee wa watu, wameacha wajukuu huko Kanada wakaja kuzeekea kwetu, na mdomo wao ni mimi. Bila stendadi tatu yangu ya shule na Kingereza cha vita vya Burma wangekuwa mabubu.

Jumatano, 9 Julai
Wanawake hawakuja kushona. Hata mmoja. Mama alipanga viti, akachemsha chai, ikapoa. Wakonyo, binti ya dada yangu anayewapikia, akanivuta nyuma ya jiko. Mjomba, umefanya nini? Wanasema ukimgusa aliyekufa umeshikwa na thahu, unajisi wa wafu, mpaka mbuzi achinjwe utakaswe. Na mbuzi wako wapi siku hizi? Tangu vita vya msituni kila nyumba kijijini imezika, au imekosa hata wa kuzika. Nikamwambia itapita. Mimi niliyempiga chui kofi pale maporomoko ya Thika, nitashindwa na uvumi? Akasema huyo chui ulimwona wewe peke yako. Mdomo wa huyu msichana!

Jumapili, 13 Julai
Mama hushika kila mtu mkono mlangoni pa kanisa, kwa mikono yake yote miwili. Leo wamepita mikono imefichwa ndani ya shuka. Hata mashemasi! Akabaki ameinyosha tu. Baadaye akaniuliza: Bedan, nimewakosea nini? Nikajibu upesi – hapana Mama, ni baridi ya Julai, vidole vinauma. Akafurahi sana. Kesho anakwenda Thika kununua nyuzi za sufu. Atafuma glavu za kanisa zima! Nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Jumamosi, 19 Julai
Wiki nzima anafuma na kukohoa. Leo amezigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, ukungu mzito, mzee wake nyuma na mwavuli. Watu walinyosha vijiti, wakasema azitundike hapo. Nikamwambia ni heshima yetu.
Nikirudi jioni – glavu zote ziko kwenye seng'enge ya kijiji. Nyekundu, nyeupe. Zimelowa, vidole vimejaa kama vina mtu ndani. Upepo ukaja, zikaniita. Mimi! Niliyelala kati ya maiti Burma! Nikazunguka kwa njia ya shamba la kahawa.

Alhamisi, 24 Julai
Mama hainuki. Daktari alikuja kutoka Thika: ni mapafu, asihamishwe. Bwana Paki anamgeuza peke yake, na mgongo wake mwenyewe umekwisha. Akaniomba nitafute wanawake wawili wa kumwosha. Nimezunguka kijiji chote. Nikasema wazi – ile hadithi niliitunga! Wakacheka. Mzee Zacharia akasema: Bedan, tangu tukujue hujawahi kukana hadithi yako. Basi hii ni ya kweli.
Wakonyo naye ameitwa nyumbani na mama yake.
Na mimi? Nikimpelekea Mama maji, kikombe naweka mezani, si mkononi mwake. Sijui nimeanza lini.

Jumapili, 27 Julai
Hakuna ibada. Lakini mtu amekuja! Wamboi – yule ambaye mwanawe Gathogo aliingia msituni mwaka wa hamsini na tatu, hakurudi. Hakusalimu. Akaketi kitandani, akamshika Mama mkono. Mkono mtupu! Akasema: Bedan, muulize. Kule alikokuwa, alimwona Gathogo wangu?
Bwana Paki akauliza, anasema nini? Nikasema anamwombea.
Mama akafungua macho. Hakumtazama Wamboi. Alitazama mlango. Akasema polepole kwa Kingereza, kama anayekaribisha mgeni: mwambieni kijana yule aingie, mbona amesimama kwenye baridi, na glavu hana.
Nikageuka. Mlango uko wazi. Ukungu tu.
Habari za Gathogo mimi sikumwambia. Haki ya Mungu. Na nani mwingine angemwambia, kama mdomo ni mimi?
Wamboi akanivuta koti. Amesema nini, Bedan? Leo usiongeze. Amesema nini?
Nikasema naleta maji moto kwanza. Naandika haya jikoni. Nikimwambia yalivyo, atasema ni Bedan tena. Nikimwambia hakusema kitu –
Maji yamechemka zamani. Wamboi ananiita. Na kwenda kwake lazima nipite ule mlango.